Mjadala: Je, ni sahihi kujenga upya maboma ya kale ya Ayalandi kwa ajili ya kufundishia?

Kuna wanaoshikilia kwamba boma la duara la Ayalandi, la mwanzoni mwa Enzi za Kati, halipaswi kujengwa upya kwa ajili ya wanafunzi, kwa sababu jengo la namna hiyo huwafanya watu waamini dhana za mjenzi kana kwamba ni historia. Hofu hiyo naiheshimu, lakini naunga mkono ujenzi, kwa sharti moja nisiloweza kulilegeza: lijengwe kwenye ardhi mpya, kamwe si juu ya boma halisi.

Maboma ya aina hii yaliyotambuliwa kisiwani humo yanakaribia 45,000. La kawaida lilikuwa uwanja wenye kipenyo cha mita 30 hivi, uliozungukwa na handaki na tuta la udongo uliochimbwa humo, na ndani yake waliishi wakulima ambao mali yao kubwa ilikuwa ng'ombe wa maziwa. Mengi yamebaki matuta yaliyoota nyasi katikati ya malisho, na mwanafunzi akipelekwa hapo bila maandalizi haoni kitu.

Si kweli kwamba kila kinachojengwa ni kubuni tu. Katika uchimbaji wa miaka ya 1980 huko Deer Park Farms, kaunti ya Antrim, udongo uliojaa maji ulikuwa umehifadhi nyumba za duara zenye kuta mbili za fito za mhazeli zilizosukwa, katikati zikiwa zimeshindiliwa majani makavu ili kuzuia baridi. Miimo ya mlango ya mwaloni ilipopimwa kwa pete za mti, ambazo huongezeka moja kila mwaka, ilionyesha mwaka 648. Wanaakiolojia wa University College Dublin walijenga nyumba kwa kufuata mfano huo, na hapo ndipo ninapoona faida yenyewe. Anayesuka ukuta kama huo hutambua mapema kwamba fito nyingi ndefu zilizonyooka hazipatikani ovyo msituni, bali mihazeli hukatwa na kuachwa ichipue kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nyuma ya nyumba moja kulikuwa na msitu uliotunzwa. Somo hilo halionekani kwenye mchoro.

Paa ni suala jingine. Umbo lake hatulijui kwa uhakika ule tulio nao kuhusu kuta, na mgeni aelezwe hivyo mlangoni. Ikiwezekana, zijengwe nyumba mbili zenye mapaa tofauti.

Hatari ninayoiona iko Grianán of Aileach, Donegal, ngome ya mawe ambayo daktari Walter Bernard wa Derry aliikarabati kati ya 1874 na 1878. Alikuwa na nia njema, lakini mtazamaji wa leo hawezi kutenganisha kwa urahisi kazi ya kale na ya karne ya 19, na kosa likiwa limeingia kwenye kuta halisi haliondoki. Jengo la ardhi mpya likikosewa hubomolewa, na tuta la kale hubaki likimngoja mchimbaji mwenye vifaa bora kuliko vyetu.

Wanaopinga hata ujenzi huu wa pembeni, naomba waeleze: kazi ya kusuka, kuezeka na kuchimba handaki ataifahamu vipi mwanafunzi ambaye hajawahi kushika ufito?