Pijo 504 limegongwa, bima wanataka kunilipa bei ya skrepa

MamaPijo (Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, na utani uje baadaye.

Nina Peugeot 504 GL ya mwaka 1976, saluni, gia ya usukani, rangi ya chai ya maziwa. Lilikuwa la marehemu baba. Baada ya msiba lilikaa juu ya matofali nyuma ya nyumba miaka kumi na moja, kuku wakitagia ndani, mpaka nilipoamua kulifufua. Injini ilifunguliwa yote, bodi ikanyooshwa, viti vikashonwa upya. Spea nilizifuata mwenyewe Nairobi, kule Grogan, nikarudi Namanga kabureta nimeipakata mapajani kama mtoto. Risiti zote ninazo, jumla 9,300,000, bila kuhesabu nauli na maneno ya mume wangu. Najua Arusha ni mji wa Land Rover, mliona wenyewe Oktoba 2024 zilivyojaa barabarani. Mimi nilisimama pembeni na Pijo langu nikaangalia.

Mwezi wa nne, mvua inanyesha, nimesimama Tengeru kwenye pundamilia kupisha wanafunzi. Fuso la ndizi likanipanda kwa nyuma. Wanaolijua 504 wanajua mfuniko wa buti lake ulivyo, unashuka kidogo kisha unainama ghafla kama umekunjwa. Sasa umekunjwa kweli. Bodi ya nyuma kulia imeingia mpaka tairi haizunguki, kioo cha nyuma kimemwagika kiti kizima. Dereva wa Fuso alikiri kosa mbele ya trafiki na ripoti ya polisi imetoka.

Nina bima kubwa, ile inayolipa hata gari langu mwenyewe. Nilikata kwa thamani ya 14,000,000, nikalipa 3.5%, yaani 490,000, na VAT juu ikawa 578,200. Wakala alipokea hela bila kuuliza swali hata moja. Fundi bodi wangu amekadiria matengenezo 6,200,000. Mthamini wa kampuni alikuja, akapiga picha sita, hakufungua boneti, akaondoka. Wiki iliyopita naambiwa gari langu thamani yake ni 4,500,000, kwa hiyo halitengenezeki, limekufa. Wanakata 10% ninayobeba mwenyewe, nabaki na 4,050,000, na Pijo wanalichukua wao!

Kuna vocha ya malipo wananisukuma nisaini. Nimeandikiwa "malipo kamili na ya mwisho". Nisaini? Na hiyo 14,000,000 niliyolipia ilikuwa ya nini?

Kibopa_Sakina

Dada, chukua hiyo milioni nne, ongeza kidogo, tafuta Toyota IST. Unalia kwa ajili ya gari linalokunywa mafuta kuliko babu yangu na mbege.

MamaPijo

Nilisema utani baadaye.

MstaafuMadai (Dar)

Pole mama. Nimekaa meza ya madai miaka mingi kabla ya kustaafu, nitakwambia wanavyofikiri wale wa ndani.

USISAINI. Ukishasaini "kamili na ya mwisho" umefunga mlango na ufunguo umewapa wao.

Sasa hiyo 14,000,000. Soma mkataba wako, utakuta kiasi ulichokatia ni dari tu. Kinacholipwa ni thamani ya gari sokoni siku ya ajali. Bima inakurudisha pale ulipokuwa dakika moja kabla ya Fuso, haikutajirishi. Wanaotaka kiasi kisichobishaniwa huandikishana na kampuni tangu mwanzo kwamba thamani ni hii, wanaambatanisha picha na uthamini. Wewe hukufanya hivyo, na wakala hakukwambia. Wakala analipwa kamisheni kwa ukubwa wa ada, ya nini aulize?

Kwa hiyo usibishane kuhusu 14,000,000. Hapo watakushinda asubuhi tu. Bishana kuhusu 4,500,000. Imetoka wapi? Andika barua, si simu, uombe nakala ya ripoti ya mthamini. Mara nyingi mtu amechukua gari la miaka hamsini akalikatia uchakavu wa kila mwaka kama anavyokatia Corolla. Gari la namna yako halishuki hivyo, thamani yake ni hali liliyonayo. Onyesha hali hiyo: picha za kabla ya ajali, risiti, barua ya fundi aliyefungua injini, matangazo ya 504 nyingine zinazouzwa. Kisha lipa mthamini wako mwenye leseni, wa kujitegemea. Utatoa laki kadhaa lakini ripoti hujibiwa kwa ripoti, si kwa machozi.

La pili, hata likihesabiwa limekufa una haki ya kuomba ubaki na mabaki. Watakukata bei yake, nawe ujadili bei hiyo pia. Kama kwao ni skrepa, basi wakuuzie kwa bei ya skrepa.

La tatu, hiyo 10% ni hasara iliyosababishwa na Fuso. Dai kwa bima ya Fuso, hata kama Fuso lina bima ndogo, ile inayolipa hasara za wengine tu.

Wakikataa, malalamiko ya maandishi kwa kampuni kwanza, halafu TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia kampuni za bima, wana ofisi ya kanda hapo hapo Arusha. Kuna pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, yupo kwa Sheria ya Bima ya 2009 na hakutozi kitu. Ila atakuuliza kama ulianza na kampuni yako.

Wa_Nakuru

Mama, pole kutoka huku ng'ambo ya Namanga. Hizo 504 kwetu ziliunganishwa Mombasa, na zile za steshenwagoni ndizo zilitubeba Nairobi hadi Nakuru watu tisa, mbuzi nyuma. Niko na moja. Kabla ya kukata bima niliipeleka kwa wathamini, wakaandika thamani, kampuni ikapiga muhuri. Kwako umechelewa kwa hilo, lakini nikuulize: hilo makadirio ya 6,200,000, fundi ameweka buti jipya? Jipya halipo. Mfuniko na bodi ya nyuma vya mtumba vinapatikana Grogan, na nusu ya bei hiyo itayeyuka. Makadirio yakishuka, gari haliwezi kuitwa limekufa. Pigana kutoka pande zote mbili, thamani juu, matengenezo chini.

MstaafuMadai (Dar)

Huyu wa Nakuru ameniwahi. Kampuni nyingi zina mstari wao, mara nyingi matengenezo yakipita karibu nusu ya thamani wanalizika gari. Ukae chini ya mstari.

MamaPijo (Arusha)

Nimerudi, ni miezi miwili sasa.

Ripoti niliipata kwa barua ya pili. Mzee, ulijua! Wameandika "Peugeot 504 pikapu, 1981". Pikapu! Picha sita zote zina milango minne. Na uchakavu umekatwa mwaka kwa mwaka.

Mthamini wangu alilala chini ya gari saa nzima na tochi, akatoka na tope mgongoni, akaandika 11,000,000. Fundi naye nilimbana, tukapata mfuniko wa buti na bodi ya mtumba Grogan, makadirio yakashuka hadi 5,100,000. Niliambatanisha na barua ya malalamiko, nakala kwa TIRA. Siku ya tisa simu ikalia, sauti tamu kabisa.

Wamekubali kutengeneza. Wanalipa 4,590,000 moja kwa moja kwa gereji. Ile 510,000 yangu nimeidai kwa bima ya Fuso, bado wanasema faili liko mezani.

Kibopa, nimeshapiga hesabu kabla hujapiga wewe: nimehangaika miezi miwili kwa tofauti ya 540,000. Lakini Pijo liko gereji, si kwao. Mfuniko wa mtumba ni wa kijani, fundi rangi ananiuliza aupake lini. Nimemwambia asubiri 510,000.