Kuchoma marundo ya visiki kwenye udongo wa mwalo wa dhahabu wa zamani: moshi unatoka na zebaki?

Mkulima wa Nzega:
Wakuu, habari za jioni. Nina ekari tatu huku Nzega, nilizinunua 2019. Upande wa bondeni palikuwa na mwalo, yaani mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu: wachimbaji walikamatisha dhahabu kwa zebaki, marudio (mchanga uliobaki baada ya kuosha) wakayamwaga hapohapo. Nilipooneshwa shamba niliona mchanga tu.

Mwaka jana mwanangu wa darasa la tano alikuwa anachimba shimo la mgomba, akaniita: "Baba, njoo uone." Kwenye bapa la jembe palikuwa na chembe inayong'aa, ndogo kama punje ya uwele. Ukiigusa inakimbia. Nikajua ni nini.

Sasa, kila Septemba nafyeka vichaka, nang'oa visiki, narundika na kuwasha jioni upepo ukitulia. Watoto huzunguka pale wakichoma viazi kwenye majivu. Tangu siku ile sina amani. Moto unaweza kuitoa sumu iliyo ardhini, au inabaki hukohuko chini?

Mwalimu wa Kemia, Tabora mjini:
Pole ndugu yangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya Septemba. Ndiyo, inatoka. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357 za Selsiasi, na hata bila moto hutoa mvuke polepole. Ikiwa ardhini hujishika kwenye mboji ya juu, na mboji ndiyo inayoungua.

Moto wa nyasi hupita haraka; fukua kidogo tu nyuma yake utakuta udongo haujapata joto. Rundo la visiki ndilo linalonitisha. Linafuka usiku kucha, asubuhi ukiondoa majivu unakuta udongo umegeuka mwekundu kama tofali. Joto hilo linatosha kabisa kuifukuza zebaki, na mvuke wake hauna rangi wala harufu. Kitambaa cha kufunika pua hakiuzuii. Watoto ndio wanaoumia zaidi, maana zebaki hushambulia ubongo na mishipa ya fahamu.

Na si zebaki peke yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima udongo wa kaskazini mwa California palipoungua 2019 na 2020. Ule udongo una madini ya kromiamu ya asili yasiyo na madhara makubwa, lakini joto la moto lilikuwa limeyageuza kuwa kromiamu-6, aina ya sumu inayosababisha saratani mtu akiivuta puani pamoja na vumbi. Kwa hiyo hata moto ukishazimika, usipuuze vumbi la majivu.

Mrina Asali, Sikonge:
Sisi porini tunalima njia ya kuzuia moto kuzunguka mizinga mapema, mwezi wa tano au wa sita, nyasi zikiwa bado na unyevu kidogo. Zungushia hilo bonde lako, maana hata usipochoma wewe, moto wa jirani utakufikia. Vichaka vikate, uviache vioze.

Mkulima wa Nzega:
Asanteni sana. Mwalimu, na majivu je? Mama watoto huyamwaga kwenye mchicha.

Mwalimu wa Kemia, Tabora mjini:
Ya bondeni, hapana. Zebaki nyingi itakuwa imepaa, lakini madini yenye sumu ya risasi na aseniki yakiwemo kwenye marudio, moto hauyamalizi, mabaki yake yanabaki kwenye majivu na udongo. Viazi navyo vichomwe jikoni. Chukua udongo wa bondeni na wa juu, kila mmoja mfuko wake, uulize gharama za kupima kwenye maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali iliyopo Mwanza. Na usilime pale pakiwa na vumbi, subiri mvua ya kwanza ilowanishe.

Mkulima wa Nzega:
Nimeelewa. Nina marundo matatu bondeni, visiki vya mninga na miyombo. Kesho naazima maksai wa jirani tuyakokote mpaka juu, kule ambako hakujawahi kuoshwa mchanga. Watoto nimeshawaambia, na nimewaeleza sababu.