Suruali ya hipi imeniletea kesi

FundiLangoni
Jamani, nina cherehani yangu hapa Langoni, Lamu. Wiki iliyopita kijana kaja na kitambaa cha jinzi, ataka suruali ya "kihipi": gotini inabana, chini pindo inchi 13. Nikakata, nikashona. Jana mamake kaja nayo mkononi, hata hakuamkua. "Fundi, wamvika mwanangu uhipi?" Kijana asema hipi ni mtu mtulivu, hana shari na mtu. Kwa mamake ni mchafu asiyekoga. Yupi mkweli? Pesa nishakula, lakini mama huyu kila Idi hushonesha kwangu.

AmiMkomani
Mwanangu, mimi niliwaona kwa mato yangu. Miaka ya sabini walikuwa wakivuka na mashua kutoka Mokowe, nywele mabegani, miguu mitupu. Bangi walivuta, ndiyo, ila lililotukera hasa ni kupita kifua wazi mbele ya msikiti watu wakitawadha. Ukikawia kunyoa, mamako akikuuliza, "Yeo umekuwa hipi?" Lakini mmoja tulikula naye mofa mwezi mzima, na hakuingia nyumba bila kupiga hodi. Suruali zile lakini sisi tulikuwa tukiziita bugaluu, na tulizivaa sisi wenyewe! Mwambie mama ni bugaluu.

MwalimuMalindi
Neno ni la Marekani. "Hip" kwa watu wa jazi alikuwa mtu mwerevu, anayejua mambo yanavyokwenda. 1965 gazeti moja la San Francisco likawaita "hippies" vijana wa Haight-Ashbury, na 1967 jina likaenea dunia nzima, pamoja na kelele za kupinga vita vya Vietnam. Cha kuchekesha, Oktoba mwaka huohuo baadhi ya watu wa mtaa ule walibeba jeneza barabarani, wakamfanyia hipi maziko. Walishachoka na magazeti na watalii. Kwa hiyo fundi, kijana wako kavaa nguo ya marehemu.

Shela_Mtoto
Wazee, siku hizi ni staili tu. Mimi nauza bangili za shanga pwani, waniita hipi, na nakoga mara tatu kwa siku.

FundiLangoni
Ami, nimemwendea mama na neno lako. Kusikia "bugaluu" kacheka mpaka kakaa kitako: marehemu babake alikuwa nalo moja, la kijani. Suruali imepita. Ila pindo nilipunguze, inchi 10.