Tupeane uzoefu: nyasi gani ya porini ilikutoa jasho kuitambua?

Mtoto wa Hombolo: Wakuu, mvua zimekatika, nyasi zimetoa mashuke. Kuna moja ina shuke la manyoya kama brashi ya chupa. Mzee anasema ndiyo malisho yenyewe, kijana wa chuo anasema ni Setaria, jamii nyingine ya nyasi zenye shuke la manyoya. Nani mkweli?

Bwana Shamba Mstaafu: Kamata shuke, vuta kwa vidole. Mbegu zikitoka pamoja na manyoya yake, kijiti kikabaki kitupu, hiyo ni Cenchrus ciliaris, malisho anayosema mzee. Manyoya yakibaki kwenye kijiti, Setaria. Biashara imeisha.

Dada wa Kondoa: Mmenitonesha kidonda. Tulikuwa kwenye miombo upande wa Kolo tukikusanya sampuli. Mkufunzi anataka nyasi nzima: mizizi, pingili, jani, shuke. Nikang'oa Hyparrhenia inanipita urefu, nikaikunja kama herufi N ndani ya magazeti, nikalundika mawe juu ili ikauke ikiwa bapa. Alfajiri nasikia karatasi inachanwa. Mbuzi wa mwenye nyumba! Kala Hyparrhenia, kala Themeda, kala na lebo zangu za penseli. Namlilia mama mwenye nyumba, ananijibu, "Mwanangu, si majani tu? Kachume mengine."

Mjini Area D: Hahahaa! Mbuzi msomi huyo.

Mchunga Haubi: Mama kasema kweli. Ng'ombe hahitaji Kilatini.

Dada wa Kondoa: Kaka, usibeze. Serikali ilipoondoa mifugo kwenye makorongo yetu ya Kondoa mwaka 1979 kuzuia mmomonyoko, nyasi ndizo zilizoushika udongo.

Mchunga Haubi: Na ng'ombe wa babu yangu walikwenda wapi? Usinichokoze.

Kijana wa Manyoni: Heteropogon contortus haina haja ya kitabu, soksi zako zitakwambia. Ile mikia myeusi iliyosokotana juu ya shuke. Weka mbegu moja kiganjani, itemee mate, utaona mkia unajizungusha wenyewe. Ndivyo inavyojichimbia ardhini, na ndivyo inavyoingia kwenye ngozi ya kondoo.

Bibi Mpwapwa: Kweli tupu.

Bwana Shamba Mstaafu: Kwanza bingirisha shina vidoleni. Likiwa na pembe tatu, unahangaika na ndago, si nyasi.

Mjini Area D: Mzee, tuache na ndago. Mbuzi aliishia wapi?

Dada wa Kondoa: Alichinjwa Idi. Paja nilikula mimi.

Kijana wa Manyoni: Siku nyingine kausha juu ya kabati.

Bibi Mpwapwa: Juu ya kabati kuna panya, mjukuu wangu.