Kiwanja cha Baraza la zamani: jiwe, mstari na maneno

*Kikundi: Majirani Mtaa wa Baraza*

Katibu: Mwangaluka ndugu. Yamebaki matatu kuhusu kumbukumbu tunayoweka kwenye kiwanja lilipokuwa jengo la Baraza la Mji kabla ya kubomolewa: bamba, mstari wa kuonyesha kuta zilipopita na maneno ya kuandika. Wanaojua waseme. Stika zipumzike kidogo.

Dotto: Bamba la shaba, mambo yaishe. Linang'aa.

Fundi Masalu: Shaba itakaa mpaka mnunuzi wa skrepa apite. Aluminiamu vilevile. Na hata wasipoiba, skrubu za chuma zikishika kutu zinachora michirizi ya rangi ya chai kila mvua ikinyesha. Mawe tunayo, tuchonge humo humo.

Mama Kulwa: Shikamoo fundi. Jiwe la ukubwa gani?

Fundi Masalu: Marahaba mama. Mita 1 kwa sm 60, unene sm 30.

Injinia Magesa: Hapo ni mita za ujazo 0.18. Granaiti ni kama kilo 2,650 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo mna kilo 477. Vijana wasije wakajidai kubeba. Livutwe juu ya mabomba matatu, la nyuma likitoka linapelekwa mbele. Kunyanyua ni miti mitatu na winchi ya mnyororo ya tani 1. Miguu ya miti ifukiwe sm 20 na ifungwe kamba kati yake, la sivyo inateleza kwa nje mzigo ukiwa hewani.

Dotto: Mawe si yapo kule kwa wachoma kokoto?

Fundi Masalu: Hayo hapana. Mwamba uliopasuliwa kwa moto unabaki na nyufa ndogo ndani ambazo huzioni. Ukigonga tindo, herufi inang'oka na kipande chake. Tunataka la kabari: matundu kwenye mstari mmoja, sm 10 hadi 15 kutoka tundu hadi tundu, kabari zote zigongwe kwa zamu, kidogo kidogo. Mlio ukibadilika kuwa mzito, weka nyundo chini usubiri. Jiwe litapasuka lenyewe. Mwenye haraka anamaliza kabari moja kwanza, anapata ufa wa kwenda kombo.

Kabla ya kulinunua ligongeni. Zima linalia kama kengele, lenye ufa linasema "du".

Mama Kulwa: Na herufi?

Fundi Masalu: Urefu mm 30, kina mm 4. Chini ya hapo sikubali. Jiwe letu lina chembe kubwa, herufi ndogo kingo zake zinabanduka, "e" inakuwa "c". Wakati wa grenda maji yamwagike na barakoa ivaliwe, vumbi la granaiti linaharibu mapafu.

Dotto: Tulisimamishe wima lionekane mbali.

Mama Kulwa: Wima, limeandikwa "kumbukumbu ya", mwanangu, hilo ni kaburi. Watoto hawatapita hapo jioni.

Injinia Magesa: Mama yuko sahihi, na sababu nyingine ni msingi. Lilazwe kwa mwinamo wa kama nyuzi 15 juu ya zege la 1:3:6, yaani saruji, mchanga na kokoto. Maji yanashuka, na msomaji anasoma akiwa amesimama.

Katibu: Mstari wa kuta je? Greda lilisawazisha kila kitu.

Injinia Magesa: Lilisawazisha juu. Msingi wa mawe bado uko chini, na huu ndio mwezi wa kuuona. Tembeeni pale asubuhi jua likiwa chini: nyasi zilizo juu ya mawe zimekauka mapema kuliko za pembeni, kwa sababu udongo hapo ni mwembamba na hautunzi maji. Mvua za vuli zikianza, alama inapotea. Pigeni mambo, yaani vigingi, kila mita 2 kwenye ukanda uliokauka, kisha chimbeni pembe moja tu, sm 40, kuhakikisha. Pembe mraba ipimwe kwa mita 6 upande mmoja, 8 upande wa pili, na ncha hadi ncha itoke 10. Halafu pimeni mshazari zote mbili za jengo, kona hadi kona. Zikitofautiana, msikimbilie kurekebisha. Kuta za zamani nyingi hazikuwa mraba, na sisi tunafuata jengo lilivyokuwa.

Mstari uwe wa mawe yaliyo sawa na ardhi. Yakiinuka hata sm 3, bodaboda wa usiku atatulaani.

Dotto: Yale matofali ya zamani yaliyookolewa tuyatumie hapo?

Fundi Masalu: Chini yatanyonya unyevu na kumomonyoka. Yajengee benchi, kwa chokaa 1 na mchanga 3. Si saruji. Saruji ni ngumu kuliko tofali lile, unyevu unakosa njia kwenye maungio, unatokea kwenye tofali na kulibabua.

Mwalimu Nyamizi: Maneno sasa. Nimeona rasimu inasema "Boma la Mjerumani". Tuna ushahidi? Waingereza waliingia Mwanza Julai 1916, kwa hiyo kuta zingepaswa kuwa za kabla ya hapo. Huku kwetu kila ukuta mnene ni wa Mjerumani. Bati la paa si ushahidi, mapaa hubadilishwa. Ushahidi utafutwe kwenye vitabu vya wilaya vya wakati wa Mwingereza, viko Nyaraka za Taifa, Dar.

Dotto: Mwalimu, lakini mbona halikulindwa?

Mwalimu Nyamizi: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe majengo ya kabla ya 1863. La baadaye linahitaji kutangazwa na waziri kwanza.

Pendekezo langu: HAPA LILIKUWA BARAZA LA MJI. Chini yake mwaka lilipobomolewa, huo tunao kwa barua. Mwaka wa kujengwa uachiwe nafasi ya mstari mmoja mtupu. Granaiti inaongezwa herufi, haifutwi.

Katibu: Nimeipenda hiyo. Wenye picha za jengo zitumeni kama faili, si kama picha, maana kikundi kinazibana na maandishi ya mlangoni hayasomeki. Za karatasi zipigeni kivulini bila flashi. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli, wino unapenya mbele.

Jumamosi saa 1 asubuhi tunapima. Nani ana kamba ya mita 30?

Mama Kulwa: Ninayo ya kuanikia nguo.

Injinia Magesa: Hiyo inavutika mama, mita 10 itakuwa 10 na nusu. Nitakuja na utepe. Wewe lete mambo.