Naomba ushauri: chumvi ya Uvinza kwenda Kalemie

Habari za leo wanachama wenzangu wa chemba ya biashara Kigoma. Nina mifuko 200 ya chumvi ya Uvinza, mteja yuko Kalemie, Kongo (DRC), anataka cheti cha uasili wa bidhaa, yaani cha kuonyesha chumvi imetoka nchi gani. Wakala niliyemlipa ada wiki tatu zilizopita hapokei simu. Na mvua hizi! Jana nimegusa mifuko ya chini, inatoa maji, sakafu ya stoo imelowa. Roho inaniuma, mtaji ni wa kikundi chetu cha akina mama sita.

Kwa mliowahi kuvusha mzigo kupitia bandari ya Kibirizi: kwa kuwa Kongo iko Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, cheti naombea forodha au chemba? Na naweza kuomba mwenyewe bila wakala? Asanteni sana.