MJADALA: Singeli ipunguzwe spidi kwenye kumbi za Mbeya, Njombe na Iringa, au ipigwe kama ilivyo?

Mleta mada (Mwanjelwa)

Wakuu, heshima kwenu. Kuna ubishi ambao kamati nyingi za harusi hapa Mbeya zinaumaliza kwa hasira badala ya hoja, na ukienda Makambako, Njombe mpaka Iringa ni ule ule: singeli ipigwe ukumbini kwa spidi yake, au DJ aishushe mpaka ilingane na amapiano?

Tuwekane sawa kwanza. Singeli imezaliwa uswahilini Dar es Salaam, Manzese, Tandale na mitaa ya jirani, kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku. Ina damu ya mchiriku na kinanda chake cha Casio, na ina vipande vya taarabu vilivyoongezwa mwendo. Nyingi ziko kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika. Amapiano imetoka Gauteng, Afrika Kusini, nayo inatembea kwenye 110 hadi 115. Kipindi kile cha 2016, Msaga Sumu, Man Fongo na Sholo Mwamba wakiwa juu, singeli ilikuwa kwenye kila kibanda cha kujaza nyimbo kwenye flashi. Baadaye amapiano ikaingia kwa nguvu, wasanii wa Bongo Fleva nao wakaidandia, na leo DJ anapewa saa tatu za amapiano na dakika kumi za singeli mwishoni, tena anaambiwa aipunguze.

Msimamo wangu ni kwamba spidi ndiyo singeli yenyewe. Ukiitoa, unachopiga ni kitu kingine. Karibuni, ila njooni na sababu.

Mshereheshaji, Njombe

Mkuu, sababu ninayo, tena ni ya hesabu. Wimbo wa mapigo 250 kwa dakika unamtaka mchezaji apige hatua zaidi ya nne kila sekunde. Mama aliyevaa gauni refu na viatu vya kisigino hawezi, na mjomba wa miaka sitini hawezi. Wimbo wa 112 ni hatua mbili pungufu kidogo kwa sekunde, na huo ndio mwendo wa mtu mzima anayetembea kawaida.

Sasa angalieni sherehe zetu zilivyopangwa. Karibu kila kitu ni msafara: maharusi wanaingia, keki inaingia, kamati inaingia, ukoo wa bwana harusi unakuja na zawadi wakicheza, kisha wa bibi harusi, halafu wafanyakazi wenzake. Hayo ni makundi sita au saba yanayotembea kwenye njia ya katikati ya meza. Ukiweka singeli, vijana wa mbele wanakimbia, wazee wa nyuma wanaachwa, na msafara unakatika vipande viwili mbele ya kamera. Amapiano inawabeba wote pamoja. Hatuichukii singeli. Tunaangalia watu waliokaa ukumbini.

Fundi wa spika, Uyole

Mshereheshaji ana hoja kwenye msafara. Lakini wengi wanaosema "singeli ni kelele" hawasikii singeli, wanasikia ukumbi. Naomba nieleze taratibu.

Kwa ubaridi wetu wa usiku sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Chukua ukumbi wenye mita 20 kutoka kwenye spika hadi ukuta wa nyuma. Sauti ikienda na kurudi ni mita 40, yaani sekunde 0.118 hivi. Kwenye singeli ya 250, pigo moja hadi lingine ni sekunde 0.24. Kwa hiyo mwangwi unarudi katikati kabisa ya mapigo mawili, na msikilizaji anasikia wimbo wa 250 kama wa 500. Hapo hakuna sikio linaloweza kutulia. Kwenye amapiano ya 112, pigo hadi pigo ni sekunde 0.54, mwangwi unakuwa umeshapungua kabla ya pigo jingine kufika. Ukumbi ni ule ule na spika ni zile zile.

Na kumbi zetu zimejengwa kwa vitu vinavyorudisha sauti: bati bila dari, vigae chini, kioo pembeni, ukuta wa saruji nyuma. Dawa yake siyo ngumu:

Tundika pazia zito, lenye mikunjo, ukuta wa nyuma kuanzia kimo cha kifua kwenda juu. Mapambo ya kitambaa chepesi hayasaidii. Inua spika za juu mpaka zipite vichwa vya watu, kisha ziinamishe ziangalie wachezaji, zisiangalie ukuta. Sabwufa zote weka pamoja upande mmoja. Ukizitenga kona mbili, kuna sehemu za ukumbi besi inajiua yenyewe, DJ aliyesimama hapo anaona haitoshi, anaongeza, na waliokaa pembeni wanaumia. Halafu kwenye mikisa shusha eneo la sauti kali, 2,000 hadi 4,000 Hz, kwa desibeli 3 singeli ikianza, kwa sababu ndiko sikio linakochomeka haraka, na singeli imejaza huko haihati (sahani za drum zinazopigwa mfululizo), filimbi na sauti ya MC, yaani mwimbaji.

Jambo la mwisho ni taa nyekundu ya ampu. Ikiwaka mfululizo, sauti imeshakatwa kichwa na twita (spika ndogo za sauti nyembamba) zinaungua. Kwenye singeli zinaungua mapema zaidi, kwani sauti nyembamba hazipumziki hata kidogo. Spika zikishaanza kukwaruza, lawama inaenda kwa muziki.

Dada wa Kabwe

Mnaongea ya ukumbini tu. Sisi tunaoishi jirani na kumbi je? Na maneno yenyewe? Singeli imetoka kwenye vigodoro na baadhi ya nyimbo zina matusi ya wazi. Mtoto wa darasa la tatu anayaimba asubuhi akienda shule.

Kuhusu kelele, kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu 2015, NEMC, wasimamizi wa mazingira wa serikali, wanazisimamia, na kiwango cha usiku ni cha chini kuliko cha mchana. Hapa Mbeya tuna shida ya ziada. Mji umekaa bondeni, na usiku wa Juni na Julai hewa baridi inalala chini, ya vuguvugu inabaki juu yake. Sauti inayopanda inapindishwa kurudi chini, ndiyo maana ukumbi wa mbali unausikia kama uko uani kwako. Kwangu mimi spidi siyo suala. Ipigwe chini, na saa sita ikifika iishe.

Fundi wa spika, Uyole

Dada, kwenye matusi nipo upande wako. Kwenye kelele za usiku, mlaumu anayestahili kulaumiwa. Kinachopenya ukuta na kufika chumbani kwako ni besi ya chini, 40 hadi 60 Hz, na huko ndiko ngoma ya besi ya amapiano, ile wanayoiita logidramu, inakoishi. Haihati na filimbi za singeli zinazuiwa na ukuta wa tofali na kupungua haraka njiani. Ukitaka ushahidi, simama nje ya ukumbi milango ikiwa imefungwa. Amapiano utaisikia tumboni, singeli utasikia kiki (mshindo wa ngoma kubwa) nyembamba tu. Kwa hiyo kuondoa singeli na kuweka amapiano mpaka saa saba hakumsaidii jirani.

Mtengeneza biti, Kihesa, Iringa

Nijibu la kushusha spidi, maana watu wanadhani ni kuvuta kitufe tu.

Singeli inajengwa kwa lupu, yaani vipande vinavyojirudia, fupi sana. Wengi wanafanyia kwenye programu ya FL Studio, na baadhi ya vijana wa Dar walianza kwa kurudia vipande kwenye Virtual DJ kwa vidole. Mtengenezaji anapokata kipande cha kinanda au taarabu, anakikata akijua kitarudi kila baada ya sekunde moja au pungufu. Ukikivuta kirefu mara mbili, yale mapengo aliyoyaficha kwa spidi yanatoka wazi: mwanzo wa kipande unasikika ukigonga, mwisho unasikika ukikatika. Sauti ya MC nayo, kama hukuzuia kimo cha sauti kisibadilike, inashuka oktava nzima. Ukizuia, programu inalazimika kujaza nafasi kwa kurudia chembe za sauti, na maneno yanatoka yamekwaruzika. Kushusha hadi asilimia 5 hakuna anayegundua. Kuanzia 10 uharibifu unasikika, hasa kwenye herufi za "s" na "ch".

Na besi ni hivyo hivyo, kwa upande wa pili. Kwenye singeli ya mapigo 224 kwa dakika, robo ya pigo ni sekunde 0.067. Sauti ya 55 Hz inahitaji sekunde 0.018 kuzunguka mara moja, kwa hiyo ndani ya robo hiyo haifikishi mizunguko minne. Sikio halipati muda wa kuitambua kuwa noti, linasikia mshindo tu. Ndiyo maana watengenezaji wazuri wa singeli wanaweka kiki fupi yenye nguvu kwenye 80 hadi 100 Hz. Wanaotaka "kuichangamsha" kwa kuweka logidramu ndefu kila pigo wanapata uji. Mkia wake wa sekunde 0.3 unavuka pigo linalofuata, besi zinapandana, kompresa (ya kusawazisha nguvu ya sauti) inaminya kila kitu, sauti ya MC inazama. Kama lazima uiweke, iweke kila baada ya mapigo manne, fupisha mkia, na toa kiki pale inapoingia.

Muziki huu una wasikilizaji makini kuliko tunavyoupa heshima. Nyege Nyege Tapes, lebo ya muziki ya Kampala, ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017, na mwaka 2022 ikatoa albamu ya DJ Travella. Ma-DJ wa Dar wameupiga Ulaya mbele ya watu wasiojua neno la Kiswahili, na hakuna aliyewataka waupunguze. Sisi wenye lugha ndio tunaomba ushushwe.

Mshereheshaji, Njombe

Kaka, hao wa Ulaya wamelipa kiingilio kwenda kusikiliza singeli. Mgeni wa harusi amelipa mchango kumsindikiza mtoto wa ndugu yake. Usilinganishe. Bibi aliyetoka Ludewa kwa basi siku nzima ana haki ya kucheza kama kijana wa chuo.

DJ, Tukuyu

Nyote wawili mnaweza kupata mnachotaka bila kuharibu wimbo, ila DJ awe amejiandaa nyumbani. Siri iko kwenye namba: 112 mara mbili ni 224. Amapiano ya 112 na singeli ya 224 zinakaa juu ya mapigo yale yale.

Kabla ya siku, chagua singeli zako zenye asili ya 215 hadi 235. Zote zinafika 224 kwa kusogeza chini ya asilimia 5. Za 250 na kuendelea ziache kwa ajili ya mwisho, usizilazimishe. Angalia pia programu imesoma namba sahihi, kwani mara nyingi inaandika singeli ya 224 kuwa 112, na gridi (mistari inayoonyesha mapigo) inakaa pembeni ya kiki. Irekebishe kwa mkono, nyimbo moja moja.

Ukumbini, amapiano ikifika sehemu iliyobaki sheka (mlio kama wa kayamba) na kinanda, ingiza singeli ikiwa haina besi kabisa, haihati peke yake, kwa mapigo 32 ya amapiano. Watu wanaendelea na mwendo wao, hawajui kama kuna kitu kimebadilika. Kisha ondoa besi ya amapiano na ufungue ya singeli kwa wakati mmoja. Besi mbili zisikutane. Wazee wanabaki kwenye 112, kiuno na bega, vijana miguu yao inaingia 224. Hapo ndipo singeli inapofanana na ngoma zetu: kwenye ing'oma ya Kinyakyusa mwili hauhitaji kufuata kila pigo la ngoma, unachagua lako.

Kinachoharibu zaidi ya spidi ni faili. Singeli nyingi zinafika huku zikiwa zimepita mikono mingi, zimeminywa hadi kbps 128 au chini yake. Uminyaji huo unapakaza mwanzo wa kila mshindo, na muziki wenye mishindo kumi na zaidi kwa sekunde ukipakazwa unageuka mvumo. Tafuta faili ya kbps 320 au WAV kwa mwenye wimbo. Hapo hapo muombe toleo lisilo na matusi, au ala tupu, MC wako aimbe majina ya maharusi juu yake. Dada wa Kabwe atakuwa amejibiwa.

Dada wa Kabwe

Nusu. Matusi umenijibu. Saa sita bado.

Mtengeneza biti, Kihesa, Iringa

DJ amesema vizuri, ila naona hatari moja. Kila DJ akichagua za 215 hadi 235 tu, watengenezaji wataanza kutengeneza hizo tu ili zipigwe harusini, na zile za 280, ambazo ndiko ubunifu uliko, zitakosa pa kusikika huku nyanda za juu. Tayari vijana wengi wa Iringa na Mbeya wanatengeneza amapiano kwa vifurushi vya sauti vile vile vya kupakua, logidramu ile ile, sheka ile ile, na huwezi kutofautisha ya Mafinga na ya Tunduma. Mimi naomba kamati itenge nusu saa kamili, misafara ikishaisha na chakula kikishaliwa, singeli ipigwe kwa spidi yoyote, bila kuombwa kushuka. Asiyeweza akae apumzike.

Mshereheshaji, Njombe

Nusu saa nakubali, iandikwe kwenye ratiba na mwenyekiti wa kamati aisaini, ianze saa nne na nusu wazee wakiwa wanaaga. Kwenye misafara sibadiliki: 112.

Mleta mada (Mwanjelwa)

Saa nne na nusu ni kuchelewa, mkuu. Kama muziki unazimwa saa sita kama anavyotaka dada, na zawadi kwa kawaida zinavuka muda, hiyo nusu saa ndiyo itakayokatwa ya kwanza. Iwekwe kabla ya zawadi, mara baada ya chakula, wakati wageni bado wamejaa na miili yao inanyonya mwangwi ule alioueleza fundi. Hapo nitakubali 112 yako ya misafara.